CHENGA, UNGA NA VUMBI: MAJINA YA MASALIA YA MACHIMBO YA MAWE

Mfasiri anayeletewa hati za ujenzi azitie katika Kiswahili hukutana na kitu kimoja ambacho kina majina manne au matano, na pengine yote katika ukurasa mmoja. Mara huitwa vumbi la mawe, mara vumbi la kokoto, mara mchanga wa kusagwa, mara taka za machimbo. Na huko Kenya, ambako kokoto zenyewe huitwa balasti, fundi atakutajia kwari dasti bila ya kusita. Kama majina hayo yangekuwa visawe tu, tusingekuwa na haja ya kuandika makala haya. Lakini si visawe. Nyuma yake mna vitu vitatu vilivyo mbalimbali kwa ukubwa wa punje, kwa tabia na kwa hatari, na mtu anayevichanganya hujenga ukuta unaopasuka, au huvuta mapafuni kitu ambacho hakitatoka tena.

Tuanze machimboni kwenyewe. Jiwe hupasuliwa kwa baruti, mapande yake yakatiwa katika kinu cha taya, kisha katika kinu cha pili kilicho kidogo zaidi, halafu yakapitishwa katika machekeche yaliyopangwa moja juu ya jingine. Kila chekeche hubakiza ukubwa wake: kokoto za robo tatu inchi, za nusu inchi, za robo inchi. Hizo ndizo bidhaa zinazongojewa na magari. Jiwe, hata hivyo, halivunjiki kwa adabu. Pigo linalogawa pande kuwa kokoto mbili huacha pia punje ndogondogo, nazo hupita katika chekeche la mwisho, lenye matundu ya milimeta 4 au 5, zikarundikana chini ya mtambo. Kiasi chake hutegemea aina ya jiwe na aina ya kinu, lakini si ajabu kikafika robo ya mawe yote yaliyoingia kinuni. Ndiyo maana machimbo makubwa, kama yale ya Lugoba katika Mkoa wa Pwani yanayolisha Dar es Salaam kwa kokoto, hayakosi kilima chake cha kijivu. Kilima hicho ndicho tunachokitafutia majina.

Kwa nini tukisumbukie? Kwa sababu mchanga wa mito hauko tele kama tulivyozoea kudhani. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, katika taarifa yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba dunia hutumia kiasi cha tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji takwimu za dunia ili kulitambua jambo hilo. Huko Makueni, nchini Kenya, uchotaji wa mchanga katika mito ya msimu ulileta ugomvi mkubwa hata serikali ya kaunti ikatunga sheria yake ya hifadhi ya mchanga mwaka 2015. Jijini Dar es Salaam, wataalamu wa pwani wamehusisha kumegwa kwa ufuko wa Kunduchi na uchimbaji wa mchanga katika vijito ambavyo, kwa desturi, ndivyo vilivyoulisha ufuko huo. Na Kunduchi hiyohiyo ndiko kulikokuwa na machimbo ambako kwa miaka mingi watu, wengi wao wanawake, waligonga kokoto kwa nyundo. Mahali pamoja mchanga ulichotwa mtoni, na hatua chache kutoka hapo mawe yalikuwa yakipondwa na punje zake kuachwa.

Sasa tuje kwenye majina. Kiswahili ni lugha ya watu wanaotwanga, na tunalo fungu zima la maneno kwa ajili ya vitu vinavyobaki baada ya kazi. Mpunga ukitoka kinuni hutupa mchele, chenga na pumba. Nazi ikikunwa na kukamuliwa hutupa tui na chicha. Alizeti na ufuta hutupa mafuta na mashudu. Hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho mwenye nyumba hukiita taka: chenga hupikiwa uji, pumba hupewa kuku, mashudu hupewa ng'ombe wa maziwa. Lugha imevipa majina kwa sababu kila kimoja kina kazi yake na mnunuzi wake. Basi inashangaza kwamba tulipofika kwenye kinu cha mawe tulilisahau fungu hilo, tukafuata neno kwa neno lugha ya mikataba ya kigeni, ambayo huunganisha jina la machimbo na jina la vumbi, na kwa jina hilo moja hukusanya kila kitu kilichopita katika chekeche la mwisho.

Kwa rundo hilo zima, kama lilivyo chini ya mtambo, kuanzia punje za milimeta 5 hadi zile zisizoonekana kwa jicho, tunapendekeza neno chenga, au kwa ukamilifu chenga za mawe. Neno lenyewe halikatai mawe, kwani maana yake ni vipande vidogo vilivyotokana na kuvunjika kwa kitu kizima, na ndivyo vilivyo. Pili, halina dharau ndani yake. Chenga za mchele ni mchele. Tatu, linaingia vizuri katika sentensi za kazi: chenga huchekechwa, huoshwa, hupimwa, huuzwa kwa tani. Yupo atakayecheka akikumbuka chenga za uwanja wa mpira. Acheni acheke, maneno yanayofanana sauti na kutofautiana maana hayajapata kumwangusha fundi.

Ndani ya chenga mna sehemu iliyo nyembamba kupita zote, nayo ndiyo inayoleta mabishano kati ya mhandisi na msimamizi wa kazi. Hiyo tuiite unga wa mawe. Mpaka wake huwekwa kwa chekeche: Kiwango cha Uingereza BS 882 cha mwaka 1992 kiliuweka kwenye mikroni 75, na kiwango cha Ulaya kilichochukua nafasi yake mwaka 2004 huuweka kwenye mikroni 63. Tofauti ni ndogo, lakini mfasiri asiibadilishe kwa kujisaidia.

Jambo la kutazama hapa ni hili. Kiwango kile cha mwaka 1992 kiliruhusu punje hizo nyembamba hadi asilimia 4 tu katika mchanga wa asili, na hadi asilimia 16 katika mchanga uliotokana na mawe ya kusagwa. Kwa sakafu za kazi nzito mchanga wa kusagwa ulibanwa hadi asilimia 9. Msomaji asiyejua sababu atadhani ni kosa la chapa. Sababu ni kwamba punje nyembamba za mchanga wa mto aghalabu ni udongo wa mfinyanzi na matope, ambao hunywa maji, huvimba, na hujipaka juu ya punje kubwa hata saruji isipate pa kushika. Unga wa mawe ni jiwe lilelile, dogo tu. Hauvimbi, na ukiwa kwa kiasi chake huziba nafasi kati ya punje na kuifanya zege ishikamane. Kwa hiyo mfasiri anayeandika udongo mahali palipokusudiwa unga, au anayetumia neno mchanga kwa aina zote mbili bila ya kuzipambanua, amefuta tofauti ya asilimia 12 kwa kalamu moja.

Athari yake huonekana kwenye chupa. Wasimamizi wengi wa kazi wanalijua jaribio la kupima mchanga wa mto: hutiwa katika chupa pamoja na maji ya chumvi, hutikiswa, huachwa saa tatu, kisha hupimwa tabaka la matope lililotuama juu ya mchanga. Ni jaribio jema, halihitaji maabara, na walimu wa vyuo vya ufundi hufanya vizuri kulifundisha. Lakini liliwekwa kwa ajili ya mchanga wa asili. Ukilifanyia mchanga wa kusagwa, unga wa mawe utatuama juu kama matope, na msimamizi atalikataa gari zima lililokuwa halina kosa. Kuna jaribio jingine linalofaa, la bluu ya methilini: rangi hiyo hunaswa na udongo wa mfinyanzi, na haishikwi na unga wa mawe ila kidogo sana. Maelekezo yakisema "mchanga upimwe kwa chupa" bila ya kusema mchanga gani, rundo la chenga litabaki kilimani na mto utaendelea kuchimbwa.

Hatusemi kwamba chenga hazina udongo kamwe. Juu ya kila mwamba kuna udongo wa juu, ambao hapana budi kuondolewa kabla ya baruti kutiwa. Ukiachwa, huingia kinuni pamoja na mawe na kuharibu rundo zima. Udongo huo nao husaidia kufukia mashimo na kuotesha miti machimbo yanapofungwa. Jina lake ni udongo wa juu, na usiitwe kifusi, kwa kuwa kifusi kwa wajenzi wa Tanzania ni kitu kinachonunuliwa kwa ajili ya kujazia msingi.

Neno la tatu ni vumbi, na hapa tunataka kusisitiza. Vumbi ni kile kinachoruka. Unga ukiwa umelala ndani ya rundo lenye unyevu ni unga. Ukipeperushwa na upepo, au na kinu, au na tairi za gari, ndipo unapokuwa vumbi. Punje zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni zile zilizo chini ya mikroni 10, ambazo mtu hawezi hata kuziona zikipita. Katika mawe kama ya matale na mengine yenye fuwele za silika, vumbi hilo huleta silikosisi, maradhi ya mapafu kuwa magumu, nayo hayana dawa ya kuyaondoa. Mwaka 1997 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliitia silika ya fuwele, inapovutwa katika vumbi la kazini, katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Sasa, ikiwa neno vumbi tumekwisha kulitumia kwa bidhaa inayouzwa kwa tani, tutamwonya vipi mfanyakazi? Bango linalosema "Jihadhari na vumbi" karibu na rundo ambalo kila mtu huliita vumbi halimwambii lolote. Vumbi liachwe lilinde watu. Bidhaa ipewe jina jingine.

Chenga zilizotengenezwa kwa makusudi, yaani zilizochekechwa na kuoshwa au kupulizwa ili unga wake upunguzwe kufikia kipimo, zimestahili jina la mchanga. Jina mchanga wa kusagwa linaenea, nasi hatuoni sababu ya kulipinga, ila kutahadharisha kwamba lisitumiwe kwa rundo lisiloguswa. Mwalimu awaeleze wanafunzi tabia yake. Punje ya mtoni imeviringwa na maji kwa muda mrefu. Punje ya kinuni ina kona kali. Zege yake huwa nzito kuchanganya, na kibarua hushawishika kuongeza maji ili koleo lipite kwa urahisi. Maji ya ziada hudhoofisha zege kuliko kona zote za mawe. Dawa zake zinajulikana: kuchanganya mchanga wa kusagwa na wa mto, au kutumia kinu kinachorusha mawe yagongane yenyewe kwa yenyewe, hata kona zikavunjika. Kwa matofali ya saruji na vitofali vya kusakafia, ambavyo hushindiliwa kwa mashine na havihitaji zege laini, kona hizo si kasoro kubwa. Chenga hutandikwa pia chini ya mabomba na chini ya vitofali vya njia, na huchanganywa na kokoto kubwa katika tabaka la msingi wa barabara, na hapo unga wake hufanya kazi ya kuziba mianya.

Tumefika kwenye neno chokaa, ambalo kwa maoni yetu ndilo lenye mtego mkubwa kuliko yote. Machimbo mengi ya pwani ni ya mawe ya chokaa, na chenga zake, zikisagwa zaidi, hutoa unga mweupe mzuri. Karani akaandika "chokaa" akaona amemaliza. Hajamaliza. Chokaa ni jiwe lililochomwa. Wajenzi wa Kilwa, Gedi, Lamu na Unguja waliyajua hayo karne nyingi zilizopita: kuta zao ni mawe ya matumbawe, na kilichoyaunganisha ni chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe. Moto wa kiasi cha nyuzi 900 hufukuza hewa ya ukaa iliyomo katika jiwe. Linalobaki huzimuliwa kwa maji, hutiwa ukutani, na polepole huirudisha hewa ile kutoka angani na kuwa jiwe upya. Unga wa mawe ya chokaa haujaonja moto. Ukiloweshwa huwa tope, na tope likikauka hurudi kuwa unga. Anayepiga lipu kwa unga huo akidhani ni chokaa ataiona lipu yake ikimwagika kwa kuguswa na kidole. Na kinyume chake ni kibaya zaidi, kwani chokaa mbichi, yaani ile iliyochomwa na haijazimuliwa, huunguza ngozi na macho.

Unga huo usiochomwa una heshima yake. Huingia katika lami ya barabara kama kijazio. Husagwa pamoja na klinka kiwandani ili kutoa saruji ambayo kiwango cha Ulaya EN 197-1 huigawa katika daraja mbili, yenye unga wa mawe ya chokaa wa asilimia 6 hadi 20 na yenye asilimia 21 hadi 35. Mfasiri wa maandishi ya mfuko wa saruji hiyo aandike "saruji yenye unga wa mawe ya chokaa", hata kama nafasi ni finyu. Akiandika "saruji yenye chokaa" ametaja kitu kingine kabisa. Unga huohuo hutiwa mashambani penye udongo wenye asidi, na huko umekwisha kupata jina la chokaa ya kilimo ingawa mara nyingi haujachomwa. Hatuna nia ya kuwapokonya wakulima jina walilolizoea. Tunachoomba ni kwamba maneno mawili ya mwisho, "ya kilimo", yasiachwe kamwe, hasa pale mfuko unapouzwa katika duka linalouza pia vifaa vya ujenzi.

Limebaki neno taka, ambalo ni la watumishi wa serikali kuliko la mafundi. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, yenye sehemu nzima juu ya taka, na ina Sheria ya Madini ya mwaka 2010, inayotambua mawe, kokoto na mchanga wa kujengea kuwa madini ya ujenzi. Ofisa anayeandika "taka za machimbo" katika barua humwelekeza msomaji kwenye sheria ya kwanza. Anayeandika "chenga za mawe kwa ajili ya ujenzi" humwelekeza kwenye ya pili. Inawezekana rundo moja likahitaji zote mbili, lakini jambo hilo liamuliwe na mwanasheria, lisiamuliwe na mfasiri kwa bahati. Umoja wa Ulaya ulilazimika kuutenganisha mpaka huo kwa agizo lake la mwaka 2008 juu ya taka: kitu kilichotokea wakati wa kutengeneza kingine hakihesabiwi kuwa taka iwapo ni hakika kitatumika, kinaweza kutumika bila ya kutengenezwa zaidi ya kawaida ya kazi hiyo, kimetokana na kazi yenyewe kama sehemu yake, na matumizi yake ni halali. Kitu cha namna hiyo kwa Kiswahili wengine hukiita zao la ziada. Ziada, hata hivyo, ni kile kilichozidi mahitaji, na chenga hazikuzidi; zilizaliwa pamoja na kokoto. Tungependelea zao tanzu. Kwa kile kilichobaki na ambacho bado hakijaamuliwa kama ni taka au ni zao, neno masalia linatosha, kwa kuwa halimhukumu mtu yeyote.

Tumalizie kwa mfano. Tuseme mfasiri ameandika hivi: "Mkandarasi atatumia vumbi la machimbo kama mchanga wa zege, nalo liwe safi lisilo na vumbi." Tusimcheke, neno kwa neno huenda hakukosea, na mwandishi wa asili ndiye aliyetumia jina moja kwa vitu viwili. Tunapendekeza badala yake: "Mkandarasi ataruhusiwa kutumia mchanga wa kusagwa katika zege. Unga wake usizidi kiasi kilichowekwa na kiwango kinachotumika, na uwe unga wa jiwe lenyewe, si udongo. Kipimo kitakuwa ni bluu ya methilini. Chenga zimwagiwe maji kabla ya kupakiwa na kupakuliwa, ili vumbi lisiruke." Neno vumbi limetokea mara moja tu, karibu na maji.